Asili ya Neno na Maana Yake: Uhakiki wa Dai Kuhusu "Jumbo", Pamoja na Majina ya Wanyama Wakubwa katika Biblia

1. Utangulizi

Mhubiri anayetaka kueleza neno gumu ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kuuliza jinsi neno hilo linavyotumika na wale wanaolitumia. Ya pili ni kuuliza neno hilo limetoka wapi. Njia ya pili inapendwa zaidi mimbarani, kwa sababu humpa msikilizaji raha ya mtu aliyeonyeshwa hazina iliyofichwa. Makala hii inakusudia kuihakiki njia hiyo ya pili, na kuonyesha kwamba mara nyingi hazina hiyo imefukiwa pale na mhubiri mwenyewe.

Mfano wetu wa kwanza haumo katika Biblia. Ni neno la Kiingereza "jumbo", ambalo hutumika kwa kitu chochote chenye ukubwa wa kupita kawaida, kuanzia ndege ya abiria hadi pakiti ya sabuni. Wako watu wengi, wageni na wenyeji, wasemao kwamba neno hilo ni letu. Wengine husema limetokana na "jambo", wengine husema limetokana na "jumbe". Tumeuchagua mfano huu kwa sababu msomaji wetu anakijua Kiswahili na anaweza kuupima kwa akili yake mwenyewe. Katika Kiebrania na Kiyunani wengi wetu hutegemea vitabu vya wengine. Hapa hatumtegemei mtu.

Na kwa kuwa neno hupimwa mahali linapoishi, tutapitia mara kwa mara katika Ghuba ya Chole, upande wa mashariki wa kisiwa kikuu cha Mafia. Maji ya ghuba hiyo yanazungukwa na Utende kwa upande mmoja, na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo kwa upande mwingine, na kupitia mlango wa Kinasi yanakutana na bahari kuu. Hapo kuna wavuvi wenye majina kamili ya viumbe wakubwa wa baharini, ambao sisi wahubiri huwataja pasipo kuwafahamu. Luther, katika waraka wake wa mwaka 1530 kuhusu kazi ya kutafsiri, aliwaelekeza wafasiri waende kwa mama nyumbani, kwa watoto njiani na kwa mtu wa kawaida sokoni, wasikilize jinsi wanavyosema. Kwa habari ya viumbe wa baharini, soko letu ni ufuko kama ule wa Chole.

2. Historia ya "jumbo" kwa ufupi

Tembo aliyelieneza neno hili duniani alikamatwa akiwa ndama mwanzoni mwa miaka ya 1860, katika maeneo ya mpakani mwa Sudan na Eritrea ya leo. Alisafirishwa hadi Ulaya, akakaa Paris, na mwaka 1865 akahamishiwa katika bustani ya wanyama ya London, ambako msimamizi alikuwa Abraham Bartlett. Huko akajulikana kwa jina la Jumbo, akabeba watoto mgongoni kwa miaka mingi. Mwaka 1882 aliuzwa kwa P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho wa Marekani, kwa dola 10,000. Barnum alimtangaza kwa ukubwa wake kiasi kwamba jina la mnyama mmoja likawa sifa ya kila kitu kikubwa. Tarehe 15 Septemba 1885 tembo huyo aligongwa na treni huko St. Thomas, Ontario, nchini Kanada, akafa. Neno lake halikufa. Ndege aina ya Boeing 747 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1970, ilikuwa imekwisha kupewa jina hilo.

Dai la asili ya Kiswahili linakutana hapa na vizuizi vitatu. Kwanza, tembo hakutoka pwani yetu wala katika nchi iliyotumia Kiswahili, na mikono iliyomfikisha Ulaya haikuwa ya Waswahili. Pili, neno lilikuwapo katika Kiingereza kabla tembo hajazaliwa. Kamusi ya lugha ya mitaani iliyochapishwa London mwaka 1823 inalitaja kwa maana ya mtu mnene, mzito na asiye mwepesi wa mwendo. Tatu, kuna chanzo kingine kilicho karibu zaidi na wasemaji wa Kiingereza wa wakati ule. Mwaka 1738 msafiri Francis Moore alichapisha habari za Gambia, na ndani yake alieleza juu ya kinyago kilichoitwa Mumbo Jumbo, ambacho wanaume walikitumia kuwatisha wake zao. Kitabu kilisomwa, na jina hilo likaingia katika Kiingereza. Wachunguzi wengi wa lugha hiyo huona kwamba "jumbo" yaelekea ilikatwa hapo. Wengine hutaja neno la Kikongo "nzamba", yaani tembo, lililovuka bahari pamoja na watumwa. Kwa vyovyote, dalili zinaelekea Afrika ya Magharibi na ya Kati, si Chole wala Bagamoyo.

Tukiacha historia na kuyatazama maneno yenyewe, dai linazidi kudhoofika. "Jambo" maana yake ni habari, shauri au tukio. Mtu akijibu "sijambo", anasema hana shauri lililompata. Hakuna ukubwa wowote hapo. Ni kweli tunasema "jambo kubwa", lakini tungelazimika kuongeza "kubwa" kwa nini, kama ukubwa ungekuwa tayari ndani ya "jambo"? "Jumbe" lina nafuu kidogo, maana lilikuwa cheo cha mtawala wa mji au kijiji pwani, na Wajerumani walilitumia kwa viongozi wa chini ya maakida. Hata hivyo jumbe alikuwa mkuu kwa cheo. Hakuna aliyefikiri juu ya kimo chake. Na kama kazi ni kutafuta maneno yanayofanana kwa sauti, basi "jumba" lingefaa kuliko yote mawili, kwa kuwa ni nyumba iliyokuzwa. Lakini "jumba" nalo halikwenda London. Kufanana kwa sauti ni sababu ya kuuliza swali. Haijapata kuwa jibu.

3. Kwa nini dai hili linapendwa

Dai lisilo na msingi likidumu, kuna haja inayolidumisha. Hapa haja hiyo si ngumu kuiona. Lugha yetu imepokea maneno mengi kutoka Kiarabu, Kireno, Kihindi, Kijerumani na Kiingereza. Mtu hufurahi akisikia kwamba nasi tumetoa, na kwamba tulichotoa ni neno la ukubwa. Furaha hiyo haina ubaya, lakini haihitaji kulishwa kwa uongo. Neno "safari" limeingia katika Kiingereza kutoka Kiswahili tangu karne ya 19, nalo linajulikana karibu kila mahali duniani. Hapo ushahidi upo, na heshima ipo. Anayeongeza heshima ya kubuni juu ya heshima ya kweli huifanya hata ile ya kweli itiliwe shaka.

Kuna jaribu la pili, nalo ni la wasomi. Neno "jambo" linahusiana na kitenzi cha kale "-amba", yaani kusema. Mwanafunzi wa Agano la Kale akilisikia hilo, mara moja anakumbuka neno la Kiebrania "davar", ambalo lina maana ya neno na pia jambo. Anaweza kuandika hotuba nzuri akisema kwamba Waswahili na Waebrania wana fikra moja, kwamba kwao kusema ni kutenda, na kwamba ndiyo sababu Mungu aliumba kwa neno. Hotuba hiyo ingependeza, lakini hakuna Mswahili ambaye, anaposema "nina jambo la kukuambia", anafikiri juu ya uumbaji. Mwaka 1961 James Barr, mtaalamu wa Agano la Kale kutoka Uskoti, alitoa kitabu kuhusu maana ya maneno katika lugha ya Biblia, na "davar" ni mojawapo ya mifano aliyoichambua. Hoja yake ni kwamba theolojia ya Biblia imo katika sentensi zake, wala haimo ndani ya neno moja lililokatwa na kuchunguzwa peke yake kama mbegu. Zaidi ya miaka 60 imepita, na hotuba zetu bado zinamhitaji.

Lugha yetu yenyewe yatosha kuthibitisha hoja hiyo. Tunasema "Mungu Mkuu", na tunasema "nguo kuukuu". Vivumishi hivyo ni ndugu. Vyote vinatoka katika shina lenye maana ya uzee na ukubwa wa umri. Je, kuna Mkristo asikiaye katika "Mungu Mkuu" harufu ya tambara lililochakaa? Hayupo. Shina ni moja, matumizi ni mawili, na matumizi ndiyo yanayotawala maana.

4. Kosa hilo mimbarani

Msomaji anaweza kusema kwamba kukosea asili ya "jumbo" hakumpotezi mtu wokovu. Ni kweli. Lakini desturi ile ile inapopanda mimbarani, madhara yake ni makubwa zaidi. Tutaje mifano miwili inayosikika sana.

Wa kwanza ni "ekklesia". Husemwa kwamba neno hili limeundwa kwa "kutoka" na "kuita", na kwa hiyo Kanisa ni watu walioitwa watoke katika ulimwengu. Kwamba Mungu ametuita ni mafundisho ya kweli, na yapo mahali pengi katika Agano Jipya. Lakini hayamo ndani ya neno hili. Katika Matendo ya Mitume sura ya 19, neno lile lile linatumika kwa kundi la watu wa Efeso waliojaa ghasia katika ukumbi wa michezo, wengi wao wakiwa hawajui hata sababu ya kukusanyika. Luka hakuona tatizo lolote, kwa sababu katika Kiyunani cha wakati wake neno hilo lilikuwa na maana ya mkutano. Mhubiri anayejenga fundisho la Kanisa juu ya viungo vya neno atafanya nini na watu wa Efeso?

Wa pili ni "dunamis", yaani nguvu, katika Warumi 1:16. Husemwa kwamba hapo ndipo lilipotoka neno "dainamaiti", na kwa hiyo Injili ni baruti ya Mungu. Ni kweli kwamba Alfred Nobel alikiita kilipuzi chake, mwaka 1867, kwa jina lililotokana na Kiyunani. Lakini Paulo aliandika karne 18 kabla ya Nobel, naye hakuweza kufikiri juu ya kitu ambacho hakikuwapo. Hapa mto umelazimishwa kupanda mlima, maana neno la mjukuu limetumika kueleza neno la babu.

Tena, hebu mhubiri huyo aende na hotuba yake Ghuba ya Chole. Kwa miaka mingi uvuvi wa baruti ulikuwa janga la pwani ya Tanzania, na bahari ya Mafia haikuepuka. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, wengi wao wakazama bila kuokotwa, na kuvunja matumbawe ambayo hukua polepole mno. Haja ya kuyalinda matumbawe hayo ilikuwa mojawapo ya sababu za kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, na Ghuba ya Chole imo ndani yake. Mvuvi aliyeona bahari yake ikifanywa jangwa ataelewa nini akiambiwa kwamba Injili ni baruti? Ataelewa sawasawa na maana ya neno, na ndiyo hatari yenyewe. Paulo amesema katika mstari huo huo kwamba nguvu hiyo yaleta wokovu. Maana ya "nguvu" imo katika sentensi, imefafanuliwa na mtume mwenyewe, na haihitaji msaada wa Nobel.

5. Behemothi, Lewiathani na nyangumi

Sasa tuje kwa wakubwa wa Biblia. Katika Ayubu 40 na 41 Mungu anamjibu mtu aliyefiwa na kuugua kwa kumwonyesha viumbe wawili, Behemothi na Lewiathani. Ni jibu la ajabu, na mhubiri hana budi kuamua hao ni nani. Hapa tafsiri zetu mbili zinazojulikana zaidi zimeshika njia mbalimbali, na zote zinastahili kuhakikiwa.

Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 imewaita kiboko na mamba. Haikubuni jambo jipya. Mfaransa Samuel Bochart, katika kitabu chake cha mwaka 1663 kuhusu wanyama wa Biblia, alikwisha kutetea maoni hayo, na wafafanuzi wengi wakamfuata. Waliongeza hata hoja ya asili ya neno, wakidai kwamba "Behemothi" latokana na lugha ya Misri kwa maana ya ng'ombe wa majini. Wataalamu wengi wa leo hawaikubali hoja hiyo, maana neno hilo la Kimisri halijapatikana; ilikuwa "jumbo" ya wanazuoni. Kwa Kiebrania neno hili lina sura ya wingi wa "behema", mnyama, na huenda wingi huo ni wa utukufu: mnyama wa wanyama.

Kwa msomaji wa Ulaya kiboko ni mnyama wa ajabu. Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki ni jirani msumbufu. Delta ya Rufiji, inayotazamana na Mafia ng'ambo ya mlango wa bahari, ina viboko na mamba, na Mafia yenyewe ina viboko wachache katika madimbwi yake. Watu wa huko wanawaogopa, lakini pia wamewawinda. Mungu akiuliza ni nani awezaye kumkamata kiboko, kijiji kizima cha wawindaji chaweza kujibu, "Sisi." Swali lililokusudiwa kumnyamazisha Ayubu linapata jibu, na hoja yote inaanguka. Tena Tafsiri ya Union haikuwa na msimamo mmoja: neno lililotafsiriwa "mamba" katika Ayubu 41 limeachwa "lewiathani" katika Ayubu 3, Zaburi 74, Zaburi 104 na Isaya 27. Msomaji wa Kiswahili hawezi kutambua kwamba ni huyo huyo. Hivyo hawezi kusikia sauti ya zile zaburi ndani ya jibu la Mungu kwa Ayubu.

Biblia Habari Njema, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1990, imerudisha majina yenyewe, Behemothi na Lewiathani. Hilo ni jema sana. Lakini imeyatangulizia neno "dude". Msemaji wa Kiswahili anajua kwamba umbo la ukubwa katika lugha yetu mara chache hukuza bila kudharau au kuogofya. Mtu akiwa jitu, mtoto akiwa toto, mguu ukiwa guu, tumeongeza kimo na tumepunguza heshima. Na "dude" hutajwa kwa kitu tusichokijua au tusichotaka kukipa jina. Umbo hili lina mahali pake pazuri katika Biblia: katika Ufunuo 12 nyoka amekuwa "joka", na dharau na hofu zote zinafaa, kwa sababu huyo ni adui. Lakini katika Ayubu Mungu hamdharau Behemothi. Anamsifu kama fundi anavyoisifu kazi yake bora. Na katika Zaburi 104 Lewiathani ameumbwa acheze baharini, mahali zipitapo merikebu. Neno "dude" linamwingiza joka wa Ufunuo mahali ambapo mzaburi anamwona mtoto wa maji.

Ni kweli kwamba jina "Lewiathani" lina historia nyingine nyuma yake. Maandishi ya Ugariti, yaliyoanza kufukuliwa Ras Shamra nchini Siria mwaka 1929, yanataja nyoka wa baharini mwenye jina la jamii moja, ambaye mungu Baali alipigana naye. Ujuzi huu una faida, lakini tuutumie kwa uangalifu. Unatuonyesha neno lilikokuwa kabla ya mzaburi. Hautuonyeshi alilofanya nalo. Yeye alimchukua yule adui wa miungu akamfanya kiumbe mmoja kati ya viumbe, anayengoja chakula chake kwa wakati wake pamoja na wengine wote. Mhubiri anayeishia Ugariti amemwacha mzaburi njiani.

Kuhusu nyangumi habari ni fupi zaidi. Mwanzo 1:21 kwa Kiebrania ina neno lenye maana ya majitu ya baharini au majoka. Luther alitafsiri nyangumi wakubwa, na Tafsiri ya Union ina maneno hayo hayo. Katika kitabu cha Yona Kiebrania kinasema samaki mkubwa tu. Katika Mathayo 12:40 Kiyunani kina neno la kiumbe kikubwa cha baharini, na Union ikaweka nyangumi tena. Wavuvi wa Mafia wangetuuliza swali. Wao hutofautisha nyangumi, anayepita bahari kuu katika miezi ya kusi na anayevuta pumzi juu ya maji, na papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Papa potwe huonekana hasa upande wa magharibi wa kisiwa, mbele ya Kilindoni, katika miezi ya kaskazi. Kiingereza kimemwita kwa kuunganisha majina ya nyangumi na papa, kana kwamba jina moja halikutosha kwa mwili ule. Kiswahili kimempa jina lake, potwe. Kinywa chake ni kipana sana, na chakula chake ni viumbe wadogo mno wa baharini pamoja na samaki wadogo kama dagaa.

Wenyeji wa Mafia wengi ni Waislamu, na habari za Nabii Yunus na samaki aliyemmeza wanazijua. Wao husema samaki, kama kitabu cha Yona kinavyosema. Mchungaji akisisitiza mbele yao kwamba alikuwa nyangumi, atashindania neno ambalo kitabu cha Yona chenyewe hakina.

6. Ukubwa unaouzwa na ukuu usiouzwa

Tumesema kwamba asili ya neno haileti maana yake. Hatukusema kwamba historia ya neno haina la kutufundisha. Historia ya "jumbo", ile iliyothibitishwa, ina somo kuliko ile ya kubuni. Neno hilo lilipata maana yake ya leo sokoni. Kiumbe wa Mungu alitolewa porini, akafungwa, akapimwa, akatangazwa, akauzwa kwa dola 10,000, na baada ya kufa mifupa na ngozi yake vikaendelea kuonyeshwa. Tangu hapo neno limekaa mahali pake pa kuzaliwa: juu ya bidhaa.

Katika Ayubu 41:6 Mungu anauliza kama wavuvi wataweza kufanya biashara ya Lewiathani na kumgawanya kati ya wachuuzi. Swali hili wafafanuzi hulipita haraka, nasi tulilipita pia hadi tulipoliweka mbele ya mnada wa samaki. Kwa mtu wa Chole samaki akishavuliwa ana hatima moja: anapimwa, anakatwa, anauzwa. Lewiathani hana mnada. Ukubwa wake hauwezi kuwa mali ya mtu, na kwa hiyo hauwezi kutangazwa na mtu. Ayubu hakuonyeshwa kitu kikubwa ili adharauliwe kwa udogo wake. Alionyeshwa kwamba ulimwengu una mambo yasiyo na bei, na kwamba mateso yake nayo hayamo katika daftari la faida na hasara ambalo rafiki zake walikuwa wakilisoma.

Hapa lugha yetu inatusaidia tena, kwa matumizi yake. Tunasema nyangumi wakubwa, hatusemi nyangumi wakuu. Tunasema Ijumaa Kuu, hatusemi Ijumaa Kubwa. "Kubwa" huweza kutaja kimo, umri au cheo. "Kuu" hutaja daraja na uzito wa jambo. Ndugu zetu Waislamu wanaposema kwamba Mungu ni Mkubwa, hakuna hata mmoja anayefikiri juu ya kimo; matumizi yamelisafisha neno hilo. Basi si neno lenyewe linalotupotosha, bali kipimo tunachokishika tunapolitamka. Siku yetu ya Ijumaa Kuu ni siku ambayo hakuna kitu kikubwa kilichoonekana. Palikuwa na mtu mmoja juu ya mti, nje ya mji. Luther alipotofautisha huko Heidelberg mwaka 1518 theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba, alisema juu ya jambo hili hasa: Mungu hajulikani kwa kukuza yale tunayoyaona kuwa makubwa.

Kanisa linalohesabu waumini wake kwa mamilioni lina sababu ya kulisikia neno hili. Tunatangaza mikutano kwa ukubwa wa umati, tunapima sharika kwa ukubwa wa majengo na sadaka, na hata mhubiri hutangazwa kwa maneno yaliyo karibu sana na yale ya Barnum. Umati si dhambi, wala jengo kubwa si dhambi. Lakini usharika uliozoea kuuziwa ukubwa utamwambia nini mjane mmoja aketiye majivuni kama Ayubu? Utamwambia imani yake ni ndogo. Na hilo ndilo walilosema rafiki zake Ayubu, nao wakakemewa na Mungu.

7. Hitimisho

Kwa wanafunzi na wachungaji wenzetu tunatoa mapendekezo matatu. La kwanza, asili ya neno itumike mimbarani pale tu ilipothibitishwa, na pale waandishi wa Biblia wenyewe wanapoitumia, kama wanavyofanya katika majina mengi ya watu na mahali. La pili, kabla ya kueleza neno lolote, tulisome katika sentensi zake zote zilizomo katika kitabu kile, kisha katika Maandiko mengine. Lewiathani wa Ayubu aeleweke pamoja na Lewiathani wa zaburi. La tatu, tafsiri zijazo za Kiswahili zihifadhi majina Behemothi na Lewiathani mahali pote bila kuyaongezea "dude", na wafasiri wawaulize wavuvi wa pwani, Waislamu kwa Wakristo, kuhusu majina ya viumbe wa baharini kabla ya kuandika nyangumi.

Msharika anayekaa kwenye benchi hawezi kuihakiki Kiyunani yetu. Anatuamini. Akigundua siku moja kwamba tulimwambia habari za "dunamis" kwa uhakika uleule wa yule amwambiaye mgeni kwamba "jumbo" ni "jambo", hataishia kuutilia shaka ujuzi wetu wa lugha. Atajiuliza kama na habari za kaburi tupu tulizipata kwa njia hiyo hiyo.